Ethnografia: Utafiti wa kijijini ulivyobadilisha usanifu wa mashine

HEBU fikiria mashine mpya ya kutoa nakala imeletwa ofisini. Karani anabonyeza hapa, anabonyeza pale, karatasi haitoki. Wa kwanza kulaumiwa ni nani? Karani, bila shaka. Ataambiwa hajasoma maagizo, au kwamba yeye si mtu wa mashine.

Lawama hiyo ilianza kutiliwa shaka pale mbinu ya utafiti iitwayo ethnografia ilipoingia katika usanifu wa vifaa.

Ethnografia ni utafiti ambapo mtafiti huwaendea watu, akakaa nao, akatazama wanachofanya na kuwasikiliza kwa lugha yao. Nao usanifu unaomzingatia mtumiaji huanza na maisha ya mtu atakayekitumia kifaa, si na kifaa chenyewe. Je, mambo haya mawili yalikutana vipi?

Chimbuko

Kati ya mwaka wa 1915 na 1918, mwanaanthropolojia Bronislaw Malinowski, mzaliwa wa Poland, aliishi kwa vipindi viwili katika visiwa vya Trobriand, ambavyo leo ni sehemu ya Papua New Guinea. Alipiga hema kijijini na kujifunza lugha ya wenyeji. Kitabu chake maarufu kilitoka mwaka wa 1922.

Funzo lake kuu ni kwamba anachosema mtu kuhusu maisha yake na anachokifanya ni vitu viwili tofauti. Sharti mtafiti aandike vyote.

Hata hivyo, mbinu hiyo ilikuwa na doa. Waliochunguzwa mara nyingi walikuwa watu waliotawaliwa, na aliyeshika kalamu alikuwa mgeni.

Hapa Mkenya mmoja anaingia katika historia hii. Jomo Kenyatta alisomea anthropolojia chini ya Malinowski huyo huyo katika London School of Economics. Mnamo 1938 alichapisha Facing Mount Kenya, kitabu kuhusu jamii yake ya Agikuyu, na mwalimu wake akakiandikia utangulizi. Aliyezoea kuandikwa sasa akawa mwandishi.

Kutoka hemani hadi maabarani

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Lucy Suchman, mwanafunzi wa uzamifu katika anthropolojia, alikuwa akifanya utafiti katika kituo cha kampuni ya Xerox mjini Palo Alto, Marekani. Wateja walikuwa wamelalamika kuwa mashine mpya ya kutoa nakala ilikuwa ngumu kutumia.

Suchman hakugawa hojaji. Aliwaweka watu wawili wawili mbele ya mashine na kuwanasa kwa video. Kwa nini wawili? Kwa sababu wawili huzungumza: huyu anauliza, yule anakisia, na mtafiti anasikia mawazo yao bila kuwahoji.

Miongoni mwa waliohangaika na mashine hiyo walikuwa wanasayansi mahiri wa kompyuta. Sasa nani angethubutu kuwaita wajinga?

Katika kitabu alichokichapisha mwaka wa 1987, Suchman alieleza kwamba binadamu hafuati mpango kama treni ifuatavyo reli. Hutenda kulingana na hali anayoikuta, ilhali mashine ilijua mpango tu.

Kuna hadithi kwamba utafiti huo ndio ulioleta kitufe kikubwa cha kijani kwenye mashine za aina hiyo. Suchman mwenyewe amekanusha: kitufe kilikuwapo tayari. Hoja yake ilikuwa kwamba kitufe hakiondoi kazi ya kujifunza kifaa kigeni.

Somo la hapa nyumbani

Mfano ulio karibu nasi ni M-Pesa. Majaribio yake yalianza Oktoba 2005 yakiwa na maduka manane ya mawakala, Nairobi na Thika. Lengo lilikuwa kuwawezesha wateja wa shirika la mikopo midogo kupokea na kulipa mikopo kwa simu.

Lakini wateja wakawa na yao. Wengine walimlipia mwenzao mkopo. Wenye biashara waliweka mauzo ya jioni humo, kwa kuwa benki zilikuwa zimefungwa. Wasafiri waliweka pesa mji mmoja na kuzitoa mji mwingine, ili wasibebe noti safarini.

Huo haukuwa utafiti wa kiethnografia kwa maana kamili ya chuoni. Hata hivyo, waliousimamia mradi huo walitazama matendo hayo na hawakuyaita makosa. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, haikutangazwa kama njia ya kulipa mikopo bali ya kutuma pesa nyumbani.

Ni wazi basi kwamba mtumiaji akienda kinyume na maagizo, huenda anamfundisha msanifu kazi.

Leo programu nyingi za simu zinazokusudiwa mkulima, mama mboga au mwendesha boda huundwa na watu ambao hawajawahi kushinda nao hata siku moja. Hojaji hutumwa, majibu huhesabiwa, kisha tunashangaa programu hazitumiki. Pengine hata maneno yaliyomo si yale wanayoyatumia sokoni.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Swali tunalopaswa kumuuliza kila msanifu ni hili: wakati kifaa hiki kilipoundwa, mtumiaji alikuwa wapi?