Epulu: shamba linaishia wapi, pori linaanzia wapi?

Ukitoka Mambasa na kufuata barabara ya kitaifa namba 4 upande wa Kisangani, kisha kilomita 70 hivi unafika Epulu. Ni mji mdogo: soko, mto wenye kubeba jina moja na mji, nyumba za udongo na za mbao huku na kule ya barabara. Mgeni anaweza kufikiri ni senta kama zingine. Lakini Epulu iko ndani kabisa ya Hifadhi ya Wanyama ya Okapi, yenye tunaita RFO. Hapa hauwezi kulima pahali popote unataka, hata kama babu yako alizaliwa pale, hata kama shefu amekubali. Ndiyo sababu maswali ya udongo hayaishi: nani mwenye kugawa shamba, mpaka uko wapi, na kwa nini jirani amelima mbali na hakuna mtu amemsemesha.

Epulu haikuanza na hifadhi. Miaka ya 1930 Mmarekani Patrick Putnam alikuwa na kambi yake kando ya mto. Mwaka 1952 serikali ya Wabelgiji ikaweka kituo cha kukamata okapi, kwa kuwatuma katika bustani za wanyama kule Ulaya na Marekani. Wambuti ndio walikuwa wenye kujua njia za mnyama huyu. Hifadhi yenyewe iliundwa mwaka 1992. Mwaka 1996 UNESCO iliiandika katika urithi wa dunia, na mwaka 1997 ikaiweka kwenye orodha ya urithi wenye hatari, juu ya vita. Ina kilomita za mraba karibu 13,700, ndiyo kusema sehemu moja juu ya tano ya pori lote la Ituri. Sehemu kubwa iko katika teritware ya Mambasa. Ingine inaingia Wamba na Watsa, katika Haut-Uele.

Jambo la kushika ni hili: RFO si parke ya kitaifa kama Virunga. Ndani ya parke, sheria inakataza kukaa na kulima. Hifadhi ilikuta watu na iliwaacha pale, wakulima pamoja na Wambuti na Waefe. Kwa hiyo ilipaswa kugawa pori kwa kufuata kazi ya kila pahali. Mpango wa ICCN unataja sehemu tatu. Ya kwanza ni ya mashamba, nayo inafuata barabara na vijiji. Ya pili ni ya kuwinda, kubwa kuliko zote, pahali watu wanaweza kuwinda kwa chakula cha nyumbani kwa njia za wazee, kama nyavu za Wambuti, na kutafuta asali, majani na dawa. Ya tatu, katikati, karibu hektari 282,000, ni ya kulindwa kabisa. Bunduki na kamba za chuma hazina ruhusa. Okapi, tembo na sokwe hawaguswi katika sehemu yoyote ile. Mboloko wa chungu cha mama nyumbani ni habari ingine.

Kwenye karatasi inaonekana rahisi. Kwenye udongo, mpaka wa mashamba ni mstari wenye kupita porini, na mstari hauonekani kama haukufyekwa na kuwekewa alama. Miti inaota haraka, vibao vinaanguka au vinang'olewa. Kisha miaka michache kijana anayetafuta shamba anaweza kusema kwa kweli kabisa: sikuona kitu. Ni kwa sababu hiyo kazi ya kwanza ya kupanga udongo katika vijiji vya barabara hii haikuwa ya ofisi. Ilikuwa ya kutembea kwa miguu pamoja na wakubwa wa kijiji, kila mmoja akionyesha jongo za wazazi wake na mito yenye kugawa familia. Mpaka wenye watu walitembea pamoja unakumbukwa. Mpaka wenye ulichorwa mbali, watu wanausikia siku ya kukamatwa.

Sasa tufike kwenye kakao, kwa sababu ndiyo imebadilisha hesabu yote. Zamani mkulima wa Epulu alikata shamba, akalima mchele, karanga, mihogo na ndizi kwa miaka miwili ao mitatu, kisha akaliacha lipumzike na kufungua lingine. Jongo likirudia kuwa pori dogo, mtoto wake analikata tena. Kwa mtindo ule, sehemu ya mashamba ingeweza kutosha familia nyingi kwa muda mrefu, kwa sababu udongo unazunguka. Kakao haizunguki. Ukipanda leo, mti utakaa pale miaka makumi. Mtu anapanda kakao katika jongo la karibu na nyumba, kwa sababu ndilo rahisi kulinda na kuvuna. Halafu anahitaji bado kula. Mihogo na mchele vitaenda wapi? Mbele, upande wa mpaka. Na mwaka 2024, wakati bei ya kakao katika soko la dunia ilipita dola 10,000 kwa tani, nani angeacha kupanda? Mimi simlaumu mkulima. Lakini ni lazima tuseme wazi kwamba mpango wenye ulihesabu mashamba ya mihogo hauwezi kubeba mashamba ya kakao bila kuhesabiwa upya.

Kuna tena wageni. Kisha barabara kutengenezwa katikati ya miaka ya 2000, malori yalirudi, na watu nyuma yao. Tangu mauaji ya Beni yaanze mwezi wa 10 mwaka 2014, familia nyingi zilikimbilia upande wa Irumu na Mambasa. Mtu aliyeacha shamba lake kwa vita hawezi kukaa bila kulima. Anapewa kipande na mwenyeji, kwa pesa, ao kwa kugawana: mgeni anapanda kakao, ikikomaa wanakata shamba mbili. Mwenyeji anapata kakao bila jasho, mgeni anapata udongo, na wote wawili wana faida ya kuchagua pori jipya, si jongo. Mapatano ya namna hii mara nyingi ni ya mdomo.

Je, shefu ana haki ya kuuza? Sheria ya mwaka 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali peke yake. Kifungu cha 389 cha sheria ile kinasema haki za watu juu ya udongo wa desturi zitapangwa na ordonansi ya Rais wa Jamhuri. Mpaka leo ordonansi ile haijatoka, miaka zaidi ya 50! Ndani ya lile tundu ndiyo tunaishi. Shefu anaweza kuonyesha pahali pa kulima kwa kufuata desturi, lakini ndani ya hifadhi neno lake haliondoi mpaka wa ICCN.

Hapa kuko neno moja lenye kudanganya watu wengi. Katika Kodi ya misitu ya mwaka 2002, « pori lenye kulindwa » si lile lenye walinzi. Hifadhi na parke zinaitwa « pori lililoainishwa ». « Pori lenye kulindwa » ni lile la kawaida, nje ya hifadhi, na ni katika lile tu jamii inaweza kuomba pori la jamii kwa kufuata dekreti ya tarehe 2 Agosti 2014: mpaka hektari 50,000, bila kulipia, na bila mwisho wa muda. Vijiji vya Mambasa vyenye kuwa nje ya RFO vinaweza kuomba. Epulu haiwezi. Kwake njia iliyobaki ni kuingiza maneno yake katika mpango wa hifadhi, na katika mpango wa maendeleo wa shefari, kwa kuwa shefari ndiyo yenye uwezo huo kisheria tangu mwaka 2008. Wambuti nao wana sheria yao tangu tarehe 15 Julai 2022, yenye kutambua haki zao juu ya pori. Kuwasahau kwenye kikao cha mipaka ni kuvunja sheria.

Dhahabu inaharibu hesabu hizi zote. Kuchimba ndani ya hifadhi kumekatazwa, lakini kumekuwa na ubishi kati ya ramani za madini na zile za ICCN juu ya mipaka. Kila kambi inayofunguliwa inaleta midomo ya kulisha, na mashamba yanaifuata.

Watu wa Epulu wanajua pia bei ya kukosana. Tarehe 24 Juni 2012 waasi wa Morgan walishambulia kituo, wakaua watu na okapi 14 wa pale. Tangu mwaka 2019 ICCN inaongoza hifadhi pamoja na shirika WCS, na malalamiko juu ya mipaka yanapelekwa kwao.

Mwenye kutaka kupokea shamba karibu na Epulu, afanye hivi mbele ya kutoa pesa: aende mpaka wa mwisho wa kipande kwa miguu pamoja na mwenyeji, wazee wawili wa kijiji na ajenti wa ICCN, awaulize mbele ya wote kama pale ni sehemu ya mashamba, na aandike majina yao kwenye karatasi ya mapatano. Kama mwenyeji anakataa kumwita ajenti, ajiulize kwa nini.