Umeme uliopita juu ya makuti

Sisi wa vijiji vya mkonge, Muheza na Korogwe, tulikulia chini ya nyaya za umeme huku tukisomea kibatari. Nilipoajiriwa kuwa fundi wa laini ndipo nikaelewa sababu.

Umeme ulianza Dar es Salaam mwaka 1908, enzi za Wajerumani, kwa ajili ya karakana za reli na makazi ya wakoloni. Mwaka 1931 Waingereza waliowafuata wakaukabidhi kwa kampuni binafsi mbili, DARESCO na TANESCO. TANESCO ikatazama maporomoko ya Mto Pangani, kwa kuwa huku Tanga kulikuwa na mnunuzi wa uhakika: mashamba ya mkonge na korona zao, yaani mitambo ya kuchakata mkonge. Kituo cha Hale kikafuata mwaka 1964. Laini zikaenda kwenye mitambo, kibarua akabaki na mafuta ya taa.

Wazee walikuwa wakiniuliza, “Mwanangu, waya si huu hapa? Ushushe basi.” Haushushiki hivyo. Ule ni msongo wa kilovoti 33. Vikombe vya kaure juu ya nguzo vimewekwa kuuzuia usipenye kwenye mti ukaua mtu. Kuingia nyumbani sharti upite kwenye transfoma, upunguzwe hadi volti 230, na transfoma ni shaba, chuma na mafuta: ghali. Naamini ni hapo karani wa kampuni alipokuwa akikifuta kijiji kwenye orodha ya kuunganishwa.

Nguzo yenyewe ni mkaratusi uliotiwa dawa. Huoza kwanza pale udongo unapokutana na hewa. Kabla ya kupanda tunaigonga kwa nyundo chini: ikilia kwa ukali, panda, ikiitika kwa sauti ya mtungi mtupu, usiikanyage mpaka iegemezwe. (Vijana wa siku hizi wana magari ya kuwainua, heri yao.)

Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005 ndiyo iliyozaa Wakala wa Nishati Vijijini (REA), na baadaye mwanakijiji akaunganishwa kwa shilingi 27,000. Transfoma zikaanza kuning’inia hata kwenye vitongoji. Lakini moja hailishi kijiji kizima. Waya wa msongo mdogo ukirefushwa mno, umeme hupungua njiani. Nyumba za mwisho taa zinafifia, na mashine ya kusaga inanguruma tu bila kuzunguka.