Kisu na Moto wa Mhunzi

Somo letu la leo ni historia ya kisu. Kila nyumba ya Masasi na Newala ina kisu. Je, ujuzi wa kukitengeneza ulianza wapi?

Ujuzi huu ni wa kale. Mwaka 1154 mwanajiografia al-Idrisi aliandika kwamba watu wa Malindi walichimba chuma na kukiuza. Huko bara, magharibi ya Ziwa Victoria, watu waliyeyusha chuma tangu miaka ipatayo 2,000 iliyopita. Mwaka 1978 wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery walitangaza habari za wazee wa Kihaya waliojenga tanuri kama la baba zao, wakapata chuma cha pua.

Baadaye majembe na visu vya ng'ambo vilijaa madukani kwa bei nafuu. Matanuri ya kuyeyushia yakazimika. Wahunzi lakini hawakwisha. Walichukua chuma chakavu, kama springi ya gari, wakaendelea kufua.

Sasa tuone kazi yenyewe. Mhunzi huwasha makaa na kuvukuta mivukuto. Chuma kikiwa chekundu cha kung'aa, hukiweka juu ya fuawe na kukipiga nyundo. Kikipoa, hukirudisha motoni. Akizidisha moto mpaka cheche ziruke, chuma kimeungua, hakifai tena.

Kisu kikipata umbo, hutiwa matiko. Hupashwa mpaka sumaku haikishiki tena, kisha huzamishwa upesi katika mafuta au maji. Springi ya gari hupenda mafuta, kwa kuwa maji huweza kuipasua. Sasa kisu ni kigumu, lakini kikianguka huvunjika kama kigae. Kwa hiyo husuguliwa king'ae, kisha hupashwa polepole mpaka kipate rangi ya majani makavu. Hapo ndipo hupata ukali pamoja na uvumilivu.

Waya laini haushiki matiko, kwa sababu una kaboni kidogo mno.

Juu ya uwanda wa Makonde maji yalikuwa adimu. Kabla ya mradi wa mabomba wa miaka ya 1950, akina mama waliteremka bondeni kuyateka. Hata maji ya kuzimia chuma yalitoka mbali.

Siku hizi mafundi wengine hujitengenezea tanuri la gesi. Huchukua debe la chuma na kulikandika ndani udongo usioyeyuka. Tanuri hilo liwekwe mahali penye hewa, na mtungi uwe mbali na moto. Chombo ni kipya, lakini kanuni za chuma ni zile zile.

Ndugu zangu, ujuzi wa mhunzi umo mikononi na machoni mwake. Akifa bila mwanafunzi, huzikwa naye. Ninyi sasa mnajua kuandika. Mwendeeni mzee mhunzi wa kijiji chenu, mwulizeni, mkaandike.

Maswali:
1. Kwa nini matanuri ya kuyeyushia chuma yalizimika?
2. Kwa nini kisu hupashwa tena baada ya kuzamishwa?
3. Nani mhunzi kijijini kwenu, naye alifundishwa na nani?