Karatasi ya Njia: Kutoka Amani ya Umm Hani Hadi Pasi ya Ifo

Ramadhan ikikaribia, maswali ya Umra huanza. Mwenye paspoti ya Kenya anatafuta viza na kuhesabu kama paspoti yake imebakisha miezi sita. Lakini kijana aliyezaliwa hapa Ifo, mwenye kitambulisho cha mkimbizi, yeye anaanzia nyuma zaidi: kwanza apate ruhusa ya kufika Nairobi! Wengi wetu tunadhani makaratasi haya yamekuwepo tangu dunia iumbwe. La. Yana historia, na ndani yake kuna karatasi za aina mbili, ya kumlinda msafiri na ya kumfunga.

Tuanze na ya kumlinda. Waliosoma fiqhi wanajua mlango wa amani. Mgeni kutoka nchi ya maadui akishapewa neno la amani huitwa mustaamin, na damu yake na mali yake zinahifadhiwa mpaka arudi kwao salama. Msingi wake uko Surat Tawba, aya ya 6. Na si lazima mtoaji awe mkubwa wa serikali. Makka ilipofunguliwa mwaka wa 8 Hijria, Bibi Umm Hani aliwapa hifadhi wanaume wawili wa ukweni kwake. Ndugu yake, Ali r.a., alitaka kuwaua. Bibi akaenda kwa Mtume s.a.w., naye Mtume akaikubali hifadhi ile. Mwanamke asiye na cheo chochote, neno lake peke yake lilitosha kuwa viza.

Hata hivyo tusijidanganye kwamba dola za Kiislamu hazikuwa na vizuizi vya barabarani. Ibn Battuta, mwaka 1326, alipita Qatya, kituo cha jangwani kati ya Misri na Sham. Anasimulia kuwa hapakupita mtu kwenda Sham bila hati kutoka Misri, wala kuingia Misri bila hati ya Sham, kwa kulinda mali za raia na kuwazuia majasusi wa Iraq. Usiku mabedui waliusawazisha mchanga mpaka usibaki na alama hata moja. Asubuhi gavana anakuja kuutazama. Akiona unyayo, mwenye unyayo anafuatwa hadi akamatwe. Wanaolalamikia kamera za uwanja wa ndege wangeuona mchanga ule!

Miaka kama mitano baadaye, yapata 1331, msafiri huyohuyo akafika Mogadishu, na huko mambo yalikuwa tofauti kabisa. Jahazi likitia nanga, vijana wa mji walilijia kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Anamkabidhi mfanyabiashara mmoja na kusema, huyu ni mgeni wangu. Basi mgeni anashukia nyumba ya mwenyeji wake, naye ndiye anayemuuzia na kumnunulia. Mtu akimpunja mgeni, au akimuuzia bila mwenyeji kuwepo, biashara ile haikubaliki. Karatasi hakuna, lakini dhamana ipo. Binafsi naona kwamba ndicho viza inachouliza mpaka leo: huyu, nani anamdhamini?

Huku kwetu kaskazini Waingereza walilijibu swali hilo kwa kufunga mlango. Sheria ya mwaka 1902 iliwapa uwezo wa kuifunga wilaya, asiingie wala asitoke mtu bila pasi, na wilaya ya mpaka wa kaskazini ikafungwa hivyo. Ya 1934 ikaongeza nguvu za kuamua kabila gani likae wapi na kulisha mifugo wapi. Wafugaji waliokuwa wakifuata mvua wakaambiwa wafuate mstari. Wenzetu wa bara nao walikuwa na kipande, kilichowekwa ndani ya kikebe cha chuma na kuning'inizwa shingoni.

Uhuru ukaja, mlango haukufunguka. Hali ya hatari ilitangazwa kaskazini mashariki mwisho wa Disemba 1963, ikaondolewa 1991. Kabla ya hapo, 1989, Wasomali wa Kenya walipangwa foleni kuchunguzwa uraia, na waliopita wakapewa kadi nyingine ya rangi ya waridi juu ya kitambulisho walichokuwa nacho. Wazee wa Garissa wanaikumbuka vizuri.

Utazame tena mwaka 1991. Ndio mwaka serikali ya Siad Barre ilipoanguka, na paspoti ya Somalia ikaanza kukataliwa na nchi nyingi. Na ndio mwaka Ifo ilipofunguliwa. Basi hali ya hatari inaondoka, kambi inaingia, na pamoja nayo pasi ya kutoka kambini, ile unayoulizwa kwenye vizuizi hata kabla hujavuka daraja la Tana. Tangu Januari 2024 mtalii anayekuja Kenya hahitaji viza, anaomba idhini kwa intaneti akiwa kitandani kwake. Anaweza kuzunguka Kenya kuliko aliyezaliwa Ifo!

Mkimbizi hakuachwa bila njia kabisa. Mwaka 1922 Fridtjof Nansen wa Norway alianzisha hati kwa Warusi waliobaki bila nchi. Ilikuwa na kasoro kubwa: haikumhakikishia mwenye nayo kurudi nchi iliyompa. Sasa nani angempa viza mtu ambaye huenda asipokelewe tena alikotoka? Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 ulilitengeneza hilo. Kifungu cha 28 kinaitaka nchi impe mkimbizi aliyekaa kwake kihalali hati ya kusafiria, isipokuwa pawe na sababu nzito za usalama, na nyongeza yake inailazimisha kumpokea akirudi hati ikiwa bado hai. Kenya ilijiunga na mkataba huo 1966.

Kwa hiyo kijana wa Ifo aliyepata nafasi ya kusoma nje, au anayetaka kumpeleka mama yake Umra, njia ya kuomba hati hiyo ipo kisheria. Ila Saudi Arabia haijajiunga na mkataba huo, kwa hiyo kuipokea au kuikataa ni hiari yao. Uliza ubalozini kwanza, kabla hujampa wakala shilingi yoyote.