Jivu la Volkano Likifunga Anga: Rada ya Msee wa Nyeri Mwenye Tikiti Mkononi

Mathe ameuza ng'ombe, watu wa ocha wamechanga, na hatimaye uko na tikiti ya Gulf ama Ulaya. Siku ya safari, meseji inaingia: volkano imelipuka mahali hujawahi kusikia, ndege hazipai. Ukifanya haraka bila kufikiria, hizo doo zote zinaweza kupotea. Cheki hii kwanza.

Kwani jivu hufanya nini?

Usifikirie jivu la jiko la makaa. La volkano ni chembe ndogo za mawe na kioo. Zikiingia kwa injini zinayeyuka, kisha zinagandia ndani na injini inaweza kuzima. Si story za jaba. Tarehe 24 Juni 1982, ndege ya British Airways ilipita kwa jivu la mlima Galunggung, Indonesia, usiku. Injini zote 4 zilizima. Marubani walifaulu kuziwasha tena na watu wote wakatua salama. Kwa hivyo wakisema hamruki, hawakuchezei.

Imewahi kutugusa?

Sana. Aprili 2010, volkano ya Eyjafjallajökull kule Iceland (hata watangazaji jina liliwashinda) ilifunga sehemu kubwa ya anga ya Ulaya karibu siku 6. Safari kama 100,000 zilifutwa. Maua na mboga za Kenya zilikosa ndege, waridi zikatupwa, na vibarua wengi wa mashamba wakaambiwa wakae nyumbani. Ukilima mishiri ama ukifanya kazi kwa maua upande wa Timau, jivu la Iceland ni shida yako pia.

Juzi tu, tarehe 23 Novemba 2025, Hayli Gubbi ililipuka huko Afar, Ethiopia. Jivu lilivuka Bahari ya Shamu, likapita Yemen na Oman hadi India, na safari kadhaa za ndege zikafutwa.

Mlima Kenya nao? Tulia. Ulizima zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita.

Sasa fanya hivi

1. Usipande mathree bado. Nyeri hadi Nairobi ni kama kilomita 150, na kulala JKIA hakuleti ndege. Cheki safari yako kwa tovuti ama app ya kampuni ya ndege kabla hujaondoka nyumbani. Usitegemee forward za WhatsApp.

2. Usifute tikiti mwenyewe. Hapa ndipo wasee huchomeka. Kampuni ikifuta safari, kwa kawaida unachagua kurudishiwa pesa ama kupangiwa ndege nyingine. Ukifuta wewe, unabanwa na masharti ya tikiti, na nyingi za bei rahisi hazirudishi kitu.

3. Cheki kama una tikiti moja ama mbili. Kama safari yote iko kwa tikiti moja, ukikosa ndege ya pili ni kazi yao kukupanga upya. Ulinunua mbili tofauti? Kampuni ya pili haina lazima ya kukungoja.

4. Mwambie mwajiri na ajenti siku hiyo hiyo, kwa maandishi. Tarehe ya viza haisongi juu ya jivu. Uliza mapema kama itabidi irefushwe. Piga skrinshoti ya ile meseji ya kufutwa.

5. Ukikwama Ulaya, jua haki yako. Sheria ya EU namba 261 ya 2004 inalinda kila anayeruka kutoka nchi za EU. Kampuni lazima ikupe chakula na mahali pa kulala ukingoja, hata kama sababu ni volkano. Fidia ya pesa juu ya hapo sahau, kwa sababu jivu si kosa lao. Weka risiti zote.

6. Bima ni ya mapema. Ukinunua baada ya mlipuko kutangazwa, kwa kawaida hawalipi hasara ya mlipuko huo. Na usome kama jivu limetajwa.

Jivu hupita, mara nyingi ndani ya siku chache. Tikiti uliyofuta kwa hasira hairudi, na ng'ombe ya mathe pia hairudi. Tumia huyo beshte wako anayesafiri mwezi ujao.