Pua ya Ukoo wa Nani?

Mtoto akipiga chafya kumi kabla ya chai, nyumba nyingi za Nairobi hutoa hukumu mbili. Ya kwanza: hukumvalisha sweta. Ya pili husemwa kwa sauti ya chini, hasa mama mkwe akiwa amekuja: hiyo pua imetoka upande wa mamake. Hukumu ya sweta tuiache. Hii ya pili ina historia, na historia yenyewe haimwachi baba salama.

Mwaka 1819, daktari John Bostock aliwaeleza wenzake London kuhusu ugonjwa uliomrudia kila Juni tangu utotoni: macho kuwasha, pua kumwaga maji, kifua kubana. Alilaumu joto. Charles Blackley wa Manchester, mgonjwa mwenzake, akajipima mwenyewe kwa chavua na mwaka 1873 akachapisha majibu: ni chavua, si joto. Lakini kulikuwa na kitendawili. Wakulima, wanaoshinda kwenye nyasi, waliugua kidogo kuliko wasomi wa mjini. Basi wenye nazo wakafurahi, eti chafya ni alama ya damu bora. Watu hujivunia chochote jamani, hata kamasi.

Hesabu ya maana ilikuja 1916. Robert Cooke na Albert Vander Veer wa New York walipitia rekodi za wagonjwa 504 wa mzio. Asilimia 48.4 walikuwa na jamaa wenye shida kama hiyo. Kwa watu wasio na mzio, ilikuwa 14.5 tu. Aliyerithi kutoka pande zote mbili, baba na mama, alianza kuugua mapema zaidi, mara nyingi akiwa bado mtoto. Na hapa ndipo pananivutia: mtoto harithi mzio uleule. Mzazi anaweza kusumbuliwa na paka, mtoto na chavua. Kinachopitishwa ni kinga ya mwili yenye hasira za haraka. Atakayeikasirisha, hilo haliandikwi kwenye damu.

Wawili hao walidhani ni jeni moja. Wapi! Uchunguzi mkubwa wa 2018 ulitaja sehemu 41 za DNA, tena kutoka kwa watu wa asili ya Ulaya. Pua zetu bado ziko kwenye foleni.

Halafu kuna Ujerumani. Ukuta ulipoanguka 1989, watafiti, Erika von Mutius akiwa mmoja wao, walilinganisha watoto wa Leipzig na Halle, mashariki, na wale wa Munich, magharibi. Watu wa asili moja, waliotenganishwa na siasa kwa miaka 40. Mashariki kulijaa moshi wa makaa, kwa hivyo ungedhani pua za huko ndizo zilizoharibika. Kumbe mzio wa chavua ulikuwa asilimia 2.7 mashariki, 8.6 magharibi. Watafiti wakarudi Leipzig 1995. Miaka minne tu baada ya kuwapima watoto wa huko mara ya kwanza, idadi ilikuwa imepanda kutoka asilimia 2.3 hadi 5.1. Wazazi walikuwa walewale, pande zote mbili.