Ruhusa ya Kujenga Katika Kerugoya: Habari Zake Tangu Zamani

Kwa Wazee na Wanachama,

Tumeonelea vema kuandika jinsi ruhusa ya kujenga ilivyotolewa hapa petu, maana ugomvi mwingi baina ya majirani huanzia hapo.

Zamani lilikuwa shauri la mbari. Aliyetaka kusimamisha nyumba aliwaendea wazee wake, na muhoi aliomba kwanza kwa wenye ardhi. Kisha sheria ya mwaka 1924 ikaleta Mabaraza ya Wenyeji, na Kerugoya ilikuwa chini ya lile la Embu, mwenyekiti wake akiwa Bwana DC. Sheria ya 1950 ikaligeuza kuwa Baraza la Wilaya la Waafrika. Mfanyabiashara aliyetaka duka sokoni aliomba ploti barazani.

Mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari, watu walitolewa mashambani mwao kwa nguvu wakaingizwa vijijini. Nyumba zilipangwa kwa mistari, na aliyejenga hakuomba ruhusa, aliamriwa. Kwa wengi huo ndio uliokuwa mpango wa kwanza wa ujenzi kuuona kwa macho, wala hatushangai kwamba neno hilo lilibaki chungu masikioni mwa wazee.

Mwaka 1963 Kirinyaga ilitengwa na Embu, ikapata baraza lake. Lakini kuanzia 1970 Serikali Kuu iliyanyang'anya mabaraza ya namna hiyo shule za msingi, matibabu na barabara. Yakasalia masoko na ploti. Kwa maoni yetu jambo hilo liliharibu mengi kuliko watu wanavyokumbuka, kwa kuwa diwani asiyeweza tena kuwapa watu wake shule wala zahanati alibaki na ploti tu za kuwapa, na ploti haziwatoshi wote.

Sheria ya 1996 iliyapa mabaraza uwezo wa kukubali au kukataa maombi ya ujenzi. Mabaraza yenyewe yalikoma mwaka 2013, Serikali za Kaunti zilipoanza kwa Katiba ya 2010, na kazi hiyo ikapewa Kaunti, ambayo ofisi zake kwetu ziko Kutus.

Sasa yatumika Sheria ya 2019. Mwombaji hupeleka ombi na ramani zake. Asipojibiwa kwa maandishi katika siku 60, ruhusa huhesabiwa imetolewa. Kwa hiyo risiti yenye tarehe ni mali, nayo itunzwe pamoja na hati ya shamba. Akikataliwa, ana siku 14 za kukata rufani mbele ya Kamati ya Maafikiano ya Kaunti, na baadaye Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Jirani anayedhurika naye amepewa haki iyo hiyo, na siku zake ni zile zile 14 tangu uamuzi kutolewa. Mzee anayengoja mpaka aone msingi ukichimbwa mpakani mwake huenda akakuta zimekwisha. Mwanachama akisikia habari ya ombi lolote karibu naye, na aende Kutus akaulize mapema.